Karatasi ya Sikudhani na Ngazi ya Namtutwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule yetu ya Namtutwe, Mkuu wa Shule, Mwalimu Rozalia, Baba Paroko na Sheikh wetu, ambao leo mmekaa kiti kwa kiti kama ilivyo desturi yenu panapokuwa na pilau, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa kutoka Nachingwea na Ruangwa, wazazi wa Nambambo, wa Mkotokuyana na wa vijiji vyote mnaotuletea watoto, wanafunzi, na wewe, Mzee Bakary wa Mbekenyera, uliyekaa kule nyuma karibu na masufuria kwa sababu hukuwa na kadi ya mwaliko. Itifaki imenitaka nikutaje mwisho. Kwa haki ulitakiwa kutajwa wa kwanza, na kabla sijashuka hapa kila mmoja atajua kwa nini.

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wakubwa wangu, shikamooni, maana hata mstaafu bado ana wakubwa.

Nimeambiwa niseme kwa dakika kumi. Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba Mgeni Rasmi ana safari. Mheshimiwa, naomba uniwie radhi. Nimefundisha Hesabu za Advansi katika shule hii kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuzidisha kipindi hata mara moja. Leo nitazidisha.

Nimesikia sifa nyingi asubuhi hii. Mwenyekiti wa Bodi ameniita Baba wa Ngazi. Mwalimu wa Taaluma amesema kwamba kwa miaka tisa mfululizo wanafunzi wetu wa Kidato cha Sita wamefaulu Advansi kwa asilimia mia, na mkapiga makofi mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye paa la bwalo. Halafu wanafunzi wakaimba Ngazi, ule wimbo wa paredi ya kila Jumatatu: moja, fungua mabano, mbili, badili herufi, tatu, vunja sehemu, nne, panga mafungu, tano, geuza pembe. Mmeimba vizuri sana, wanangu. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kisha nikapewa zawadi hii. Nawaomba walio nyuma waione: ngazi ya mti wa mninga, ina vipago vitano, na kila kipago kimechongwa maneno yake, kazi ya fundi wa mjini Nachingwea. Fundi hana kosa, kazi yake ni nzuri. Nitaipeleka nyumbani. Nina kuku kumi na wanne wanaopata shida kupanda kwenye kichanja chao, na nadhani watakuwa viumbe wa kwanza kunufaika na ngazi yangu bila kudhurika.

Naona mnacheka. Chekeni sasa hivi.

Ndugu wageni, wengi wenu hamkusoma Advansi, na sitawachosha. Lakini lazima niwaeleze Ngazi ni nini, maana bila hivyo hamtajua mmekuja kusherehekea kitu gani. Kuna hesabu moja inaitwa intigresheni. Ichukulieni hivi: una shamba ambalo mpaka wake mmoja haukunyooka, umepinda kwa kufuata korongo, na unataka kujua ukubwa wake. Kamba peke yake haitoshi. Kwa hiyo wenye hesabu wametunga njia mbalimbali, na kila njia ina shamba lake. Ukikuta kilicho juu ya mstari wa sehemu kimezaliwa na kilicho chini, kama eksi iliyokaa juu ya eksi kipeo cha pili jumlisha moja, unabadili herufi na kazi inaisha kwa mistari miwili. Ukikuta vitu viwili visivyohusiana vimezidishwa pamoja, unapanga mafungu, unashughulikia kimoja huku mwenzake akisubiri. Ukikuta cha chini kinapasuka kuwa mabano mawili, unavunja sehemu. Njia zenyewe si ngumu. Mtoto yeyote mwenye akili timamu anazijua zote kwa muhula mmoja. Ugumu uko mahali pengine kabisa: ni kulitazama swali usilowahi kuliona na kujua ipi kati ya njia hizo inalifaa.

Nilipofika Namtutwe kulikuwa na kitabu kimoja cha Advansi kwa wanafunzi thelathini na mmoja, nacho kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Mwaka ule walifaulu wawili. Nikaomba rangi ya kijani iliyobaki pale misheni walipopaka milango ya zahanati, nikachora ngazi kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, vipago vitano. Nikawaambia: ukishindwa kujua pa kuanzia, anza kipago cha chini, ukikwama panda cha pili. Mwaka uliofuata walifaulu kumi na tisa. Sikuichora kwa ubaya. Nilikuwa kijana, nilikuwa nawahurumia, na ile ilikuwa fimbo ya mtu anayechechemea. Nani alijua kwamba tutafika siku ya kuwapiga nayo wanaotembea vizuri?

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa tatu tukaamua kila mwanafunzi aandike pembeni namba ya kipago alichosimama. Mwaka wa tano tukaamua asiyeandika namba akatwe alama. Mwaka wa nane, na mimi ndiye niliyeandika waraka ule kwa mkono wangu, tukaamua kwamba jibu lisilopita kwenye Ngazi lisipewe alama yoyote, hata likiwa sahihi. Shule za jirani zikaja kuinakili. Walimu walipanda pikipiki kutoka Ruangwa kuja kuipiga picha. Nikaitwa kwenye semina. Nikazoea kuitwa.

Basi, miaka kumi na moja iliyopita, katika Kidato cha Tano, katika tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, kulikuwa na msichana mmoja peke yake. Jina lake Sikudhani Bakary, wa Mbekenyera. Hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinikera: ukiandika swali ubaoni, wenzake wanainama hapo hapo na kuanza kipago cha kwanza, yeye anakaa ameshika shavu, analitazama swali. Dakika nzima. Mbili. Nilikuwa namwambia, "We Sikudhani, swali si televisheni." Darasa linacheka. Yeye anaendelea kutazama.

Ukaja mtihani wa kumaliza Kidato cha Tano, ule wetu wa ndani, tunaoutumia kuamua nani anavuka kwenda cha Sita. Swali la saba lilikuwa na alama kumi na mbili. Juu kulikuwa na saini ya pembe, si hii ya kalamu, na chini kulikuwa na saini jumlisha kosaini, kuanzia sifuri mpaka nusu ya pai. Kwa Ngazi, swali lile unalipandia mpaka kipago cha tano, unageuza kila pembe, unarudi cha tatu kuvunja sehemu, na ukitoka salama umejaza ukurasa mmoja na nusu. Katika darasa zima waliotoka salama walikuwa wanne. Sikudhani aliandika mistari mitatu.

Nitawaeleza ile mistari mitatu, na nawaomba wazazi msiogope, kwa sababu mnaijua tayari. Alisema hivi: shamba hili lina pacha wake. Ukiweka kosaini juu mahali pa saini, unapata shamba la pili ambalo ni lile lile la kwanza likitazamwa kutoka upande wa pili, kwa hiyo ukubwa wao ni sawa. Na ukiwaweka mapacha wote wawili pamoja, mpaka uliopinda unapotea, unabaki mstatili ulionyooka wenye kimo cha moja na urefu wa nusu ya pai. Basi kila pacha achukue nusu yake. Jibu ni robo ya pai. Akapiga mstari chini, akaenda swali la nane.

Robo ya pai ndilo jibu sahihi. Lilikuwa sahihi siku ile na ni sahihi leo.

Mimi nikachukua kalamu nyekundu nikampa sifuri, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: NGAZI IKO WAPI? Siku ya kurudisha karatasi niliinyanyua ile yake mbele ya darasa, nikasema, huyu hapa ametushushia jibu kutoka mbinguni. Alipata thelathini na sita kwa mia. Alama ya kuvuka ilikuwa arobaini.

Alinifuata ofisini mchana ule. Akapiga hodi, akasimama mlangoni. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa machache. "Mwalimu, naomba dakika tano ubaoni nikuoneshe."

Nikamwambia sina dakika tano.

Ndugu zangu, nilikuwa nazo. Nilikuwa nakunywa chai. Nataka niseme ukweli huu nikiwa nimesimama, kwa sababu kwa miaka kumi na moja nimeusema nikiwa nimelala: sikumnyima dakika tano kwa kufuata waraka. Nilimnyima kwa sababu sikuielewa ile mistari mitatu. Mimi, mwalimu wa Advansi, Baba wa Ngazi, niliitazama kazi ya mtoto wa miaka kumi na nane na sikujua amepitia wapi. Niliona haya kuuliza. Mtu mzima akiona haya mbele ya mtoto, huwa anakuwa mkali.

Wiki iliyofuata tulimwita mzazi. Mzee Bakary, ulifika kwa bodaboda ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope, ukakaa kwenye benchi la ofisi ya walimu, ukauliza swali moja tu. "Mwanangu amekosa jibu?"

Nikasema, "Hapana, jibu amepata."

"Sasa kosa lake nini?"

"Hakupanda Ngazi, mzee."

Ukasema, na walimu sita walikuwepo na wawili kati yao wako hapa leo: "Mwalimu, mie wa korosho. Nikiingia shambani sipulizi kitu kabla sijageuza jani. Kama ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, hiyo dawa ya salfa. Kama ni mbu wa mikorosho, hiyo dawa nyingine. Nikianza na salfa kila mwaka kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mlango, si nitakuwa napulizia mbu unga bure? Huyu mtoto tangu mdogo namfundisha kugeuza jani."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyeanza. Nilikwambia, mzee, hapa hatulimi korosho, hapa ni Advansi. Ulikuwa umeieleza kazi yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza katika semina yoyote, nami nikakucheka mbele ya watu. Ukasimama, ukavaa kofia yako, ukasema asante. Kwa nini ulisema asante, Mzee Bakary? Nimejiuliza sana. Ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Tukamwambia binti aache PCM, ahamie tahasusi nyingine. Akakataa. Akasema hakufeli, hivyo hawezi kuhama kama aliyefeli. Akafunga sanduku lake akaenda nyumbani. Kwenye daftari la mahudhurio tuliandika: ameacha kwa hiari.

Sasa sikilizeni kuhusu hii asilimia mia mliyoipigia makofi. Mnajua kwa nini ni mia? Kwa sababu kila ambaye angeweza kuipunguza tunamwondoa kabla hajafika. Ni sawa na mtu anayejisifu kwamba ufuta wake hauna punje mbovu, kumbe amemwaga nusu ya gunia njiani, nzima na mbovu pamoja. Namwona Mwalimu wa Taaluma ananitolea macho. Nitolee, ndugu yangu. Tulimwaga pamoja.

Na bado sijafika kwenye baya zaidi.

Juni ya mwaka ule ule, likizoni, Jumapili moja baada ya misa, nilikaa nyumbani na penseli. Ile mistari mitatu ilikuwa haijaniacha. Nikaandika saini juu, nikafuta, nikaandika kosaini. Nikatazama. Nilitazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kupanda, na mapacha wakatokea. Nilifurahi, jamani, sitaficha. Kwa muda mfupi nilifurahi kama siku niliyojifunza hesabu hizi mwenyewe. Kisha nikamkumbuka mwenye mistari.

Shule ilifunguliwa Julai. Kitanda chake bwenini kilikuwa bado kitupu. Mbekenyera ipo pale pale ilipokuwa. Nilitakiwa kufanya kitu kimoja: kupanda gari asubuhi na kurudi naye jioni. Sikwenda. Kwa sababu ningesema swali la saba alikuwa sahihi, watu wangeuliza wengine wangapi walikuwa sahihi, na Ngazi ingeyumba, na mimi ndiye niliyekuwa juu yake. Nikafunga daftari. Muhula ule ule nilipewa cheti cha mwalimu bora wa somo. Kipo kwenye ukuta wa ofisi, mkitoka hapa mkakione.

Mmekaa kimya. Afadhali.

Mwaka huu alikuja kwetu Mwalimu Ivan, huyu kijana aliyevaa shati la bluu na ambaye hajapiga makofi tangu asubuhi. Yeye anafundisha njia zote tano, halafu anawaambia wanafunzi: kalamu chini, tazameni kwanza, niambieni mnaona nini. Katika jaribio la mwezi wa tano wanafunzi wake watatu walikutana na swali la mapacha, na wote watatu wakaandika mistari mitatu. Ofisi ya Taaluma ikawapa sifuri. Mwalimu Ivan akaandikiwa barua ya kujieleza, kwa nini anavuruga utaratibu wa shule. Barua ile ilihitaji saini ya mkuu wa idara ya Hesabu. Mkuu wa idara ni mimi. Nilikuwa najua kwamba watoto wale watatu wako sahihi, nilijua kwa miaka kumi na moja, na nilikuwa nimebakiza siku chache kustaafu, hakuna aliyeweza kunifanya lolote.

Nikasaini.

Nilirudi nyumbani, mke wangu Lusiana akaniuliza naumwa nini. Nikamweleza yote, kuanzia kwa Sikudhani. Alikuwa hajawahi kusikia. Hakunipa pole. Alisema, "Kumbe nimeishi na mtu mwoga na mimi nikimfulia mashati." Asubuhi nikapanda gari kwenda Mbekenyera.

Nilimkuta uani, amefunga kanga kiunoni, anakung'uta ufuta juu ya turubai. Aliponiona aliweka chini fungu alilokuwa nalo, akainama kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

Jamani, ile shikamoo. Nikaitikia, sikuwa na la kufanya.

"Umepotea njia?"

"Sikupotea, mwanangu. Nimekuja kwako. Nimekuja kukwambia kwamba swali la saba ulikuwa sahihi."

"Mie najua tangu siku ile, mwalimu. Wewe umejua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uzoefu. Nikasema, "Juni ile ile."

Akanitazama kama alivyokuwa akiyatazama maswali. "Juni ile ile," akasema. "Na barabara ilikuwepo."

Alinipa maji ya kunywa. Aliniambia kwa kifupi maisha yake, si kwa kulalamika, kwa sababu nilimuuliza. Watu wa Mbekenyera wakigombania mpaka uliopinda, wakitaka kugawana shamba la urithi, wakitaka kujua ekari kabla ya kuweka vibarua wa palizi, wanamwita yeye na kamba yake. Anatembea mpaka wote kwanza bila kupima. Halafu anasimama, anatazama. Halafu ndipo anapima, na hawapimi tena baada yake. Alitaka kuwa mhandisi. Alinitajia jambo hilo huku akiokota vijiti kwenye ufuta.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Sina nongwa na wewe, mwalimu. Ila msamaha wa maneno sitaki. Kazi ya mwalimu si kusahihisha? Sahihisha." Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ameitunza. Miaka kumi na moja, mvua na mchwa, ameitunza.

Nikatoa kalamu hapo hapo. Akarudisha mkono nyuma.

"Hapana. Sifuri ulinipa mbele ya watu. Nenda kasahihishe mbele ya watu."

"Basi nipe niende nayo."

"Baba ataileta. Kwa karatasi yangu sikuamini."

Nikamwalika aje mwenyewe. Akasema ana ufuta wa kukung'uta, na kwamba hawezi kuja kukaa mahali wanapopigia makofi Ngazi. Yupo nyumbani. Hii ndiyo sababu ya Mzee Bakary kuwa hapa bila kadi.

Mzee, tafadhali njoo. Wapisheni, vijana. Mshereheshaji, acha, huyu hahitaji kusindikizwa, anajua njia ya shule hii.

Karibu, baba. Shikamoo. Asante.

Hii hapa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Wino wangu haujafifia, unaona? Nyekundu yangu ilikuwa nzuri. NGAZI IKO WAPI? Naomba kimya kidogo, naitoa kalamu.

Nakata maneno haya. Mstari wa kwanza wa Sikudhani: sahihi. Mstari wa pili: sahihi. Mstari wa tatu: sahihi. Alama kumi na mbili kwa kumi na mbili. Thelathini na sita jumlisha kumi na mbili ni arobaini na nane. Alama ya kuvuka ilikuwa arobaini. Naandika jina langu, Maximilian Milanzi, na tarehe ya leo, si ya zamani, ili yeyote atakayeisoma ajue nilichelewa kiasi gani.

Sikudhani Bakary amefaulu kuingia Kidato cha Sita.

Msipige makofi. Tafadhali. Nani kasema mpige makofi? Amefaulu kuingia darasa ambalo wenzake wamelimaliza miaka kumi iliyopita. Mmoja wao anajenga madaraja. Hizi alama kumi na mbili hazimrudishii kitu, na mimi si mjinga wa kudhani zinanisafisha.

Mkuu wa Shule, Mwalimu Rozalia, wewe siku ile hukuwepo, huna deni hili. Naomba mambo mawili tu kabla sijawa raia wa kawaida. La kwanza, saini yangu kwenye barua ya Mwalimu Ivan naiondoa mbele ya mashahidi hawa wote. Wale watoto wake watatu wapewe alama zao Jumatatu. La pili, ule ukuta ambao Mgeni Rasmi ameandaliwa mkasi aukatie utepe, Ngazi ikiwa imepakwa rangi mpya ya mafuta, nimeacha ndoo ya chokaa na brashi mlangoni pa darasa. Niliichora mwenyewe, nitaifuta mwenyewe. Nitaacha yale majina matano yakiwa yameandikwa kwa mstari mmoja wa kulala, hakuna la juu wala la chini, na nafasi nyeupe mbele yake ya kutazamia.

La tatu, samahani, nilisema mawili. Naomba muhuri wa shule kwenye karatasi hii.

Umefungiwa ofisini? Na ufunguo anao Mwalimu wa Taaluma. Sawa. Mtaaluma, kaulete, ndugu yangu. Hapana, usimtume mtu, nenda mwenyewe. Mzee Bakary na mimi tutasimama hapa hapa mpaka urudi. Kusubiri yeye anakujua.

Wakati tunasubiri, nimalizie. Nawashukuru nyote mliokuja, mliopika, mliochonga ngazi ya kuku wangu. Nawashukuru wanafunzi wangu wote wa miaka ishirini na saba, waliopanda na walioangushwa. Nakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuiacha safari yako isubiri.

Nimetazama saa. Nimesema kwa dakika arobaini na moja, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia hana muda. Sikudhani aliniomba tano. Asanteni kwa kunisikiliza.